Uwiano si Usababishi: Tohara, VVU na Takwimu za Rwanda, 1989–2007

Makala haya yanachunguza jinsi takwimu za tohara na maambukizi ya VVU zilivyosomwa kati ya 1989 na 2007, na funzo lake kwa washauri wa sera nchini Rwanda.

Mwaka 1989, John Bongaarts na wenzake walilinganisha nchi 37 za Afrika. Palipokuwa na wanaume wengi wasiotahiriwa, VVU vilienea zaidi. Uwiano huo ulikuwa mkubwa, lakini ulihusu nchi, si mtu mmoja mmoja; dini na desturi za ndoa zingeweza pia kuueleza.

Takwimu za Rwanda zilielekea kinyume. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2005 ulikuta maambukizi ya asilimia 3.5 kwa wanaume waliotahiriwa na 2.1 kwa wasiotahiriwa. Aliyezisoma tarakimu hizo peke yake angehitimisha kwamba tohara inadhuru. Hata hivyo, utafiti huohuo ulionyesha kuwa maambukizi ya watu wazima yalikuwa asilimia 7.3 mijini na 2.2 vijijini, ilhali tohara ilikuwa ya kawaida zaidi mijini, hasa Kigali. Mji, basi, uliambatana na mambo yote mawili. Aidha, upimaji wa mara moja haukuweza kubainisha kama tohara ilitangulia maambukizi.

Jibu lilitokana na majaribio ya Orange Farm, Afrika Kusini, yaliyochapishwa 2005, na ya Kisumu na Rakai, yaliyositishwa Desemba 2006 baada ya manufaa kudhihirika. Wanaume waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walitahiriwa mara moja, wengine wakasubiri. Kwa kuwa mgawanyo haukufuata dini wala makazi, tofauti iliyoonekana ilitokana na tohara yenyewe: hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke ilipungua kwa takribani asilimia 50 hadi 60. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza, na Rwanda ikaijumuisha katika mpango wake wa kinga.

Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, suala hili ni la lugha pia. Mfasiri anayeandika “husababisha” mahali pa “huambatana na” hubadili ushahidi wenyewe. Kwa kosa hilo, takwimu za 2005 zingetosha kuwanyima wanaume wa Rwanda kinga.