Kiporo cha Wiki: Kwa Nini Ukurasa Uliosahihishwa Bado Unaonyesha ya Jana

Kila anayeandika kwenye wiki ya jumuiya ameshasikia lalamiko hili, au amelitoa yeye mwenyewe: "Nimesahihisha, nimehifadhi, lakini mwenzangu bado anaona yale ya zamani." Mimi huulizwa mara kwa mara, kwa sababu tu ni mwandishi wa habari ninayependa mambo ya kompyuta. Jibu la haraka lipo, nitalitoa huko chini. Lakini nyuma yake kuna historia, na ndani ya historia hiyo kuna mtu aliyechafuliwa jina. Kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Tuanze na jina. Wiki ya kwanza ilianzishwa na Mmarekani Ward Cunningham tarehe 25 Machi 1995. Jina alilichukua kutoka kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu yaliyoitwa Wiki Wiki. Kwa Kihawaii neno hilo maana yake ni haraka. Kwetu sisi wiki ni siku saba! Ukisubiri ukurasa ubadilike na haubadiliki, unaweza kujiuliza Cunningham alikusudia maana ipi.

Wikipedia ilizaliwa tarehe 15 Januari 2001, waanzilishi wakiwa Jimmy Wales na Larry Sanger. Ilianza na programu ndogo iitwayo UseModWiki, iliyohifadhi kurasa kama mafaili ya kawaida. Wasomaji walipoongezeka ikazidiwa. Januari 2002 wakahamia kwenye programu iliyoandikwa na Mjerumani Magnus Manske, iliyotumia hifadhidata. Nayo ikaelemewa. Julai mwaka huo huo wakaanza kutumia ile iliyoandikwa upya na Lee Daniel Crocker. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa MediaWiki, na ndiyo inayoendesha wiki nyingi za jumuiya hadi leo, ikiwemo Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003.

Kwa nini zilikuwa zinaelemewa? Kwa sababu ukurasa wa wiki haukai tayari mahali fulani ukisubiri kusomwa. Unapikwa. Programu inachukua maandishi, inachomeka vigezo, inakagua kila kiungo kama ukurasa wake upo (ndiyo maana vingine ni vya bluu na vingine vyekundu), kisha inatengeneza kile unachokiona. Msomaji mmoja akija, si kazi. Wakija elfu kumi kwa mara moja na kila mmoja akataka apikiwe sufuria yake, jiko linazima.

Dawa ni ile ile anayoijua mama yeyote mwenye nyumba kubwa: pika mara moja, weka akiba, pakua. Kwa lugha ya kompyuta akiba hiyo inaitwa kache. Mwaka 2003 Brad Fitzpatrick alitengeneza memcached kwa ajili ya LiveJournal, programu ya kuweka vitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta ili hifadhidata isisumbuliwe kila mara. MediaWiki ikajifunza kuitumia. Mwaka 2004 Wikipedia ikaweka mbele ya seva zake kompyuta nyingine zinazoendesha programu ya Squid. Squid haipiki kitu. Kazi yake ni kukumbuka. Msomaji wa kwanza akishapikiwa, Squid inabaki na nakala, na maelfu wanaofuata wanapakuliwa nakala hiyo.

Hapo ndipo kiporo kilipozaliwa.

Wataalamu walilijua tatizo hili tangu mwanzo. Walipanga kwamba ukurasa ukihaririwa tu, ujumbe utumwe kwa seva zote za akiba: tupeni nakala hiyo, imechacha. Bila ujumbe huo nakala ingeweza kukaa hata siku 31. Sasa, kwa miaka mingi ujumbe wenyewe ulirushwa kwa njia isiyosubiri jibu. Seva zilikuwa zimetawanyika, nyingi Florida, nyingine Amsterdam kuanzia mwaka 2005. Ujumbe ukipotea njiani hakuna aliyejua. Florida ukurasa ni mpya, Amsterdam ni wa juzi, na wahariri wawili wanabishana kila mmoja akiapa kwa macho yake. Wote wawili wanasema kweli!

Phil Karlton, mtaalamu aliyewahi kufanya kazi Netscape, anakumbukwa kwa utani wake kwamba katika kompyuta mambo magumu ni mawili tu: kujua lini utupe nakala ya akiba, na kuvipa vitu majina. Ni utani wa watu waliokesha.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikuwa mazito zaidi. Kabla nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM hazijafika mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea sana setilaiti, na setilaiti ni ghali. Vyuo, makampuni na baadhi ya vibanda vya intaneti viliweka akiba zao wenyewe ili ukurasa usivutwe ng'ambo mara mbili. Kwa hiyo kati yako na ukurasa kuliweza kuwa na akiba tatu: ya wiki yenyewe, ya mtandao ulioutumia, na ya kivinjari chako. Mmoja kati ya hao watatu akilala, unakula kiporo.

Utauliza, basi kuna ubaya gani? Si tusubiri tu?

Ubaya wake unaonekana kwenye kisa cha John Seigenthaler. Huyu alikuwa mwandishi wa habari mkongwe wa Marekani, na miaka ya mwanzo ya 1960 alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy. Mei 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika kwenye Wikipedia kwamba Seigenthaler aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John Kennedy na ya huyo huyo Robert. Uongo mtupu. Ulikaa pale zaidi ya miezi minne. Oktoba ukafutwa. Ukafikiri yamekwisha? Tovuti mbili zilizokuwa zikichukua nakala za Wikipedia, Answers.com na Reference.com, ziliendelea kuuonyesha uongo ule kwa majuma matatu zaidi. Seigenthaler mwenyewe alisimulia yote haya katika gazeti la USA Today tarehe 29 Novemba 2005.

Nakala zile hazikuwa kache kwa maana ya kiufundi, lakini kwa aliyetukanwa tofauti iko wapi? Jikoni chakula kimebadilishwa, mezani watu bado wanakula cha zamani. Sisi wa magazeti tunaifahamu hali hii. Habari yenye kosa inatoka ukurasa wa kwanza, masahihisho yanatoka ukurasa wa ndani, na aliyesoma ya kwanza huenda asiyaone ya pili maisha yake yote.

Kisa cha pili ni cha tarehe 25 Juni 2009, siku aliyofariki Michael Jackson. Dunia nzima ilikimbilia ukurasa mmoja. Wahariri nao walikuwa wanaubadilisha kila dakika, na kila badiliko liliitupa nakala ya akiba. Seva nyingi zikaanza kuupika ukurasa ule ule kwa wakati mmoja, na Wikipedia ikazidiwa. Baada ya hapo ilitengenezwa PoolCounter, utaratibu unaosema: seva moja ipike, wengine wasubiri. Na wanaosubiri wakizidi, wapewe nakala ya zamani.

Umeona hapo? Kiporo kilikuwa ajali, sasa kikawa uamuzi. Bora msomaji apate ukurasa wa dakika chache zilizopita kuliko kukosa kabisa. Mimi siupingi uamuzi huo. Bila akiba, ensaiklopidia ya bure isiyo na matangazo ya biashara isingemudu wasomaji wote hao. Ninachosema ni kwamba tujue tunachokilipa.

Sasa lile jibu la haraka. Badiliko lako lisipoonekana, fuata mpangilio huu:

1. Fungua historia ya ukurasa. Badiliko lako limo? Kama halimo, tatizo si kache, hukuhifadhi.

2. Kama limo, bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja. Hapo unakiambia kivinjari kiache akiba yake na kiulize upya.

3. Bado? Nenda mwisho wa anwani ya ukurasa uongeze ?action=purge (kama anwani tayari ina alama ya kuuliza, tumia & badala yake). Huo ndio ule ujumbe wa kutupa nakala, safari hii unautuma wewe.

4. Kama ulichobadilisha ni kigezo kinachotumika kwenye kurasa nyingi, subiri. Kurasa hizo hupangwa foleni na kupikwa upya taratibu. Wenye haraka na ukurasa mmoja huufungua kwa kuhariri na kuuhifadhi bila kubadili hata herufi.

5. Toka kwenye akaunti yako, usome ukurasa kama mgeni. Ikiwezekana mwombe mtu wa mtandao mwingine aufungue.

Hiyo namba 5 ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Wikipedia humtengenezea ukurasa wake aliyeingia kwa akaunti, kwa sababu jina lake na mipangilio yake lazima vionekane. Nakala ya pamoja hupewa asiye na akaunti. Maana yake ni kwamba mhariri, yule mwenye uwezo wa kuona kosa na kuliondoa, huwa wa kwanza kuona ukweli mpya. Mwanafunzi anayeandika insha, mwandishi mwenzangu anayekimbizana na saa ya kwenda mitamboni, jirani anayetafuta jina la mtu, hao ndio wanaopakuliwa kiporo.

Kwa hiyo ukiwa umeondoa jambo linalomchafua mtu, usifunge kompyuta kwa sababu wewe umeuona ukurasa safi. Ufungue kwa macho ya yule asiyekujua. Ukiukuta safi na huko, hapo ndipo umemaliza kazi.