Mama, nitilie! Jinsi Dar ilivyoanza kula hotelini

Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikishatoka, napata ujumbe uleule kutoka kwa washkaji: "Kaka, wewe mwandishi unazunguka sana, hebu tutajie sehemu nzuri ya kula." Najua wanachotaka. Wanataka nitaje Masaki au Mikocheni, sehemu yenye kiyoyozi, menyu ya kurasa nane na mhudumu anayekusalimia kwa Kiingereza. Sina ugomvi na sehemu hizo. Nikialikwa naenda, tena mapema. Ila mimi nimezaliwa Temeke na sasa nimepanga Kinondoni, na kwa jinsi ninavyoifahamu historia ya jiji hili, hizo ni habari za juzi tu. Dar imelishwa na watu wengine kabisa, na serikali zote, ya mkoloni na ya kwetu, zimekuwa zikiwafukuza watu hao huku zikiwategemea. Leo naomba tuongelee hilo.

Kwanza maneno yenyewe. Mzungu akisikia hoteli anafikiria kitanda. Kwetu hoteli ni benchi, sahani ya wali na birika la chai. Kitanda tunakiita gesti. Na mgahawa je? Lisikilize vizuri neno hilo, utaisikia kahawa ndani yake. Limetoka kwa Waarabu, na mpaka leo ukipita Kariakoo au Temeke jioni utamkuta muuza kahawa na dele lake, vikombe vidogo na kashata, na wazee wamemzunguka wakibishana Simba na Yanga. Huo ndio mgahawa wa asili, hauna hata paa.

Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo, na wao ndio walioanza kuukata mji vipande: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Waingereza waliochukua mji mwaka 1916 waliirithi ramani hiyo na kuikaza, wakaacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja kati ya Uhindini na Kariakoo. Wanahistoria wameandika sana kuhusu nani alilala wapi katika ramani hiyo. Mimi najiuliza nani alikula wapi. Wajerumani walikuwa na hoteli yao ya fahari, Kaiserhof, ambayo baadaye iliitwa New Africa. Mwafrika aliingia hoteli za namna hiyo kupitia mlango wa jikoni. Alipika, alibeba sahani, aliosha sahani, kukaa mezani hapana. Uhindini kulikuwa na vyumba vya chai, sambusa na bajia. Uswahilini kulikuwa na hoteli za Washihiri na Waarabu wengine, na wanawake waliokaa barazani na vikaango vya vitumbua.

Vita Kuu ya Pili ilipofika, ubaguzi huo ukaingia mpaka kwenye sufuria. Chakula kilikuwa haba, serikali ikaleta mgao, na mgao ukafuata rangi. Mwanahistoria James Brennan ameeleza habari hizi katika kitabu chake Taifa cha mwaka 2012: mchele na ngano vilihesabiwa kuwa chakula cha Wahindi, Mwafrika akahesabiwa kuwa mtu wa unga wa mahindi. Hebu fikiria mtu wa pwani, aliyelelewa kwa wali wa nazi, anaambiwa na ofisa dirishani kwamba chakula chake kwa asili ni sembe! Watu waligombana kweli kuhusu nani aandikwe kundi gani, kwa sababu kundi lako ndilo lililoamua utakula nini usiku huo. Kwa maoni yangu hapo ndipo sahani ya wali ilipopata heshima ambayo mpaka leo haijaisha. Angalia harusi zetu. Angalia Idi na Krismasi. Nani anapika ugali siku ya sikukuu?

Baada ya vita mji ukafurika. Mwaka 1947 wafanyakazi wa bandarini waligoma na mgomo ukaenea nje ya bandari. Kilio kikubwa kilikuwa mishahara na ugumu wa maisha. Serikali ikaanza kujenga makazi ya Waafrika mbali na katikati ya mji: Ilala, Temeke, Magomeni, na baadaye mji ukatambaa mpaka Kinondoni na kwingineko. Hili ni jambo la ramani tu, ila ndilo lililobadilisha mlo wa mchana. Mtu wa Kariakoo aliweza kutembea kwenda kula nyumbani kisha akarudi kazini. Mtu wa Temeke mwenye kazi mjini hawezi. Saa saba ikimkuta mjini, lazima ale kwa mtu.

Uhuru ulipokuja, milango ya rangi ikafunguliwa. Mwaka 1965 ikafunguliwa Kilimanjaro Hotel pale mbele ya bahari, alama ya taifa jipya. Lakini mlango wa bei ulibaki palepale. Wafanyakazi wa viwanda vilivyojengwa miaka hiyo, kama Urafiki pale Ubungo mwaka 1968 na vile vya Chang'ombe na barabara ya Pugu, walikula kwenye kantini pale palipokuwa na kantini. Nje ya geti palikuwa na wanawake na masufuria.

Mmoja wao alikuwa bibi yangu. Alianza kuuza chakula Chang'ombe karibu na geti la kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 1970, wali maharage na samaki wa kukaanga. Nilipomuuliza alijuaje biashara, alinicheka: "Biashara gani, mjukuu wangu? Nilikuwa napika nyumbani kwangu, nikapika zaidi." Wateja walikuja na haraka zao, kila mmoja ameshika sahani: mama, nitilie mimi kwanza, mama, nitilie na mchuzi. Ndiyo asili ya jina mama ntilie. Jina mama lishe limekuja baadaye na ndilo linalopendwa maofisini. Bibi hakulipenda. Alisema linamfanya aonekane nesi.

Kisha zikaja zile shida ambazo wazazi wetu hawachoki kutusimulia. Ukame wa 1973 na 1974, mafuta kupanda bei, vita ya Kagera 1978 na 1979. Foleni za sukari, foleni za sabuni, unga wa njano kutoka Marekani ambao watu wa Dar waliubatiza unga wa Yanga. Mishahara ilibaki namba tu. Thamani yake ilianguka vibaya kiasi kwamba mshahara wa mwezi mzima haukumaliza hata wiki mbili za chakula. Mtafiti Aili Mari Tripp alifanya kazi yake hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1980, akaandika kitabu, Changing the Rules, kilichotoka 1997. Anaonyesha jinsi familia za wafanyakazi zilivyohama kutoka kutegemea mshahara wa baba mpaka kutegemea biashara ndogondogo, nyingi zikiwa mikononi mwa wanawake: maandazi, vitumbua, pombe, chakula kilichopikwa. Yaani wakati tunafundishwa shuleni kwamba wafanyakazi na wakulima ndio nguzo ya nchi, nguzo ilikuwa imeshika mwiko.

Serikali ilifanya nini? Mwaka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi. Kila mtu mwenye uwezo aonyeshe kazi yake, asiye na kazi inayotambulika arudishwe kijijini akalime. Na kupika chakula cha kuuza hakukuwa kazi inayotambulika. Watu walizolewa barabarani. Bibi alisimulia kwamba kwa wiki kadhaa hakwenda getini, alipikia uani na kumtuma mama yangu, wakati huo binti mdogo, abebe chakula kwenye ndoo iliyofunikwa kanga kama anayekwenda kuteka maji. Siku moja askari walimsimamisha binti, wakafunua kanga. Walikula maharage yote, wakamrudishia ndoo. Hawakumkamata. Walikuwa na njaa kama kila mtu.

Msako ule ulififia, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuwapeleka watu wote hao wala mtu wa kuwalisha wanaobaki. Baadaye serikali hiyohiyo ikaanza kutoa leseni za biashara ndogo, na unajua ziliitwaje? Leseni za nguvukazi! Jina lililomfukuza mtu likageuka karatasi ya kumruhusu akae.

Akaja Mzee Mwinyi mwaka 1985, ruksa. Hapa nataka kukaa kidogo kwa ajili ya vijana wenzangu wanaodhani chipsi mayai ilishuka kutoka mbinguni. Miaka ile kila mwenye kazi serikalini alikuwa na mradi, na mradi uliopendwa ulikuwa kuku wa kisasa. Daktari ana banda nyuma ya nyumba, mwalimu wa chuo ana banda, karani wa wizara ana banda. Mayai na kuku wakajaa mjini. Weka na mafuta ya kupikia yaliyoanza kuonekana tena madukani, weka na viazi kutoka Mbeya na Iringa, weka kijana mwenye jiko la mkaa na kabati la kioo pembeni ya barabara. Ndiyo hiyo zege yako. Sisemi kila kibanda kilianza hivyo, ila bila mabanda ya watumishi wa umma sioni chipsi kuku ingewezaje kuwa chakula cha kila mtaa, Tandika mpaka Mwananyamala.

Baa nazo zina historia yao. Kwa miaka mingi mahali pa starehe ya mwananchi wa kawaida pa uhakika palikuwa kumbi za DDC, shirika la maendeleo la jiji: Kariakoo, Keko, Magomeni Kondoa. Jiji lilimiliki mpaka bendi, Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978. Uchumi ulipofunguliwa, baa za watu binafsi zikaota Sinza, Kinondoni, Mwananyamala, Temeke, na nyama choma ikawa mlo wa Ijumaa wa mtu mwenye chochote mfukoni. Makabila yakaja na majiko yao. Mtori wa Wachagga, ndizi za Wahaya, ugali na sato wa watu wa ziwa.

Na kitimoto. Hili wengi hulikwepa, mimi nalitaja. Aprili 1993 mabucha kadhaa ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa hapa Dar, watu wakakamatwa, na kwa muda nchi iliingiwa na hofu ya vita ya dini. Leo mwenye jiko la kitimoto anakaa pembeni na jiko lake, muuza pweza naye kwake, na mtaa mmoja unawatosha wote. Si kwamba tunapendana kuliko wengine. Watu walipima umbali wa moshi na kuelewana, bila semina yoyote.

Migahawa ya Waethiopia, Wachina na Waturuki iliyoongezeka tangu miaka ya 1990 sitaisemea sana. Ni mizuri, ina wasemaji wake.

Turudi kwa mama ntilie, maana habari yake haikuisha 1985. Mwaka 2006 Waziri Mkuu Edward Lowassa aliagiza wafanyabiashara wadogo waondolewe barabarani, na vibanda vikavunjwa. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni, na amri ya kwanza ikawa kupiga marufuku vyakula vya mitaani. Kipindupindu ni ugonjwa wa maji machafu na vyoo, jamani. Anayeuza chakula bila bomba analaumiwa, anayepaswa kuleta bomba anatoa amri. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mama ntilie akamwonyesha mgambo karatasi, mgambo akapita. Oktoba 2021 vibanda vya barabarani vikaondolewa tena, jiji zima.

Mama ninayekula kwake, Mkwajuni, aliondoka pembeni ya barabara ya Kawawa siku hizo. Kitambulisho chake bado anacho, amekihifadhi kwenye mkoba pamoja na kadi za kliniki za watoto. Sasa amepanga ua wa nyumba ya mtu. Analipa kodi kila mwezi, na sahani ya wali, maharage na mboga imefika elfu mbili na mia tano. Wateja waliokuwa wakimwona wakiwa ndani ya daladala hawamwoni tena.

Siku hizi ajenda ni nishati safi. Taasisi zinazolisha watu wengi, kama shule na magereza, ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kuanzia 2024, na wanasiasa wamekuwa wakigawa mitungi ya gesi kwa mama lishe mbele ya kamera. Yeye pia alipata mmoja. Anauonyesha, anausifu, anachemshia chai. Nilimuuliza kuhusu maharage. Akanitazama kama anayemtazama mtoto.

"Anko, maharage kwa gesi? Mtungi utaisha hayajaiva."

Kwa hiyo maharage anayachemsha usiku, nyumbani kwake Tandale, kwa mkaa. Alfajiri anayabeba kwenye ndoo.