Almasi ya Waridi ya Williamson

Almasi ya Waridi ya Williamson ni kito cha rangi ya waridi kilichopatikana mwaka 1947 katika mgodi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, Tanzania. Ni miongoni mwa almasi maarufu zaidi za rangi hiyo duniani.

Mgodi huo uligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada. Almasi za Mwadui hutoka katika kimbalaiti, mwamba uliopanda kutoka kina kirefu cha ardhi.

Ikiwa ghafi, almasi hiyo ilikuwa na karati 54.5, yaani gramu 10.9. Williamson aliitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilichongwa London ikabaki karati 23.6: zaidi ya nusu ya uzito iliondolewa ili kito kipate umbo la duara na mng'ao wake.

Mwaka 1953 kampuni ya Cartier iliipachika katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua, petali na majani yake yakiwa almasi nyeupe. Elizabeth, wakati huo akiwa Malkia, alilivaa hadharani mara nyingi, ikiwemo katika harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981.