Bili, Bodi na Macho Yetu

Ukikwama kwa jam ya Waiyaki Way jioni, bilibodi zote unazijua kwa kichwa. Mkopo wa simu, unga, mama anayeichekea sabuni. Hukuziomba. Lakini kuna watu waliouza huo muda wako wa kukwama, na wana msamiati wao wa biashara hiyo. Nimekuwa nikiuchimba, na karibu kila neno lina ugomvi chini yake.

Tuanze na jina. Bili hapa si ile ya stima. Zamani kwa Kiingereza, bili ilikuwa karatasi ya tangazo: mchezo wa kuigiza wa leo usiku, mnada, mwizi anayetafutwa. Bodi ni ubao wa kuibandikia. Basi, ndiyo hiyo tu. Huko New York, Jared Bell alianza kuchapisha mabango makubwa ya sarakasi mnamo 1835, mengine yakipita futi 50 za mraba, na karatasi ikaanza kushindana na nyumba.

Waingereza wao walisema hodingi. Hiyo ilikuwa fensi ya mbao inayozungushwa jengo likijengwa, kama mabati yetu. Wabandikaji walifika na ndoo ya gundi na brashi, na mpinzani akaja nyuma yao kubandika yake juu. Mwaka wa 1839 sheria ya polisi ya London ikasema kubandika kwa ukuta wa mtu bila ruhusa yake ni kosa. Kwa hivyo yale maandishi ya "Usibandike matangazo hapa" unayoyaona mtaani yana ukoo mrefu. Na ukuta ukishakuwa na mwenyewe wa kuombwa ruhusa, mwenyewe anaweza pia kuomba kodi.

Halafu kuna "karatasi 48". Sikuelewa hadi nilipopiga hesabu. Karatasi moja ilikuwa inchi 20 kwa 30. Panga 48 ukutani, unapata futi 20 kwa 10. Leo ni plastiki moja kubwa inayovutwa kwa kamba, au skrini, lakini saizi bado inaitwa kwa jina la zile karatasi.

Maneno ya siku hizi yameacha ukuta yakaja kwetu. "Uso" ni upande mmja wa bango. Mlingoti mmoja ukiwa na nyuso mbili, kila uso una kodi yake. "Impresheni" ni hesabu ya mara ambazo watu wanatarajiwa kuliona. Na kuna muda wa kukaa mbele ya bango. Barabara ikiwa wazi, ni sekunde chache. Kukiwa na jam, ni dakika kadhaa, na hiyo ni bidhaa nzuri. Hapo ndipo niliacha kucheka. Jam inayonichelewesha mimi ni faida ya mwingine.

Watu wamewahi kukataa. London ilikuwa na chama cha kupinga matangazo kupita kiasi kufikia 1893. Jimbo la Vermont, Marekani, lilipiga marufuku bilibodi mwaka wa 1968. São Paulo, jiji la mamilioni ya watu, lilianza kuyaondoa mabango mwaka wa 2007, na kuta zilizokuwa zimefichwa zikaonekana tena.

Sisi je? Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, kazi za kaunti. Matangazo ya nje yametajwa kwa kifungu kimoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Si mimi nimesema, ni Katiba.

Sisemi zote zing'olewe. Kuna mtu hulisha watoto wake kwa kupanda milingoti hiyo. Ila kaunti hulipwa ada za leseni, mwenye ploti hulipwa kodi, na sisi tuliotoa macho hatukuulizwa. Kesho ukikwama, angalia juu, kisha uhesabu dakika zako.