Mashine ndogo ya kuchonga chuma: Namna ya kuiweka na kuitumia kwa usalama

MASHINE ya kuchonga chuma inayowekwa juu ya meza huwavutia mafundi wa jua kali, vyuo vya ufundi na hata watu wanaojitengenezea vipuri nyumbani. Hutumia umeme wa kawaida, haihitaji jengo kubwa na watu wawili huweza kuibeba. Lakini udogo wake hudanganya. Kisu chake kigumu chenye meno mawili au manne huzunguka mara mia kadhaa hadi zaidi ya 2,000 kwa dakika, na hakibagui chuma na kidole.

Mashine hii ni tofauti na ile ya kukereza, ambayo huzungusha chuma chenyewe ilhali kisu kimetulia. Hapa kisu ndicho kinachozunguka, nacho chuma hufungwa juu ya meza ambayo fundi huisogeza kwa usukani mmoja kushoto na kulia, na kwa usukani mwingine mbele na nyuma. Kichwa chenye mota hupanda na kushuka kwenye nguzo. Kwa mpango huo mtu huweza kusawazisha uso wa chuma, kuchimba mfereji wa kukazia puli kwenye shafti ya mashine ya posho, au kuunda upya kipuri ambacho hakiuzwi tena madukani.

Aina inayojulikana mno duniani ni X2 ya kampuni ya Sieg ya Shanghai, Uchina, ambayo huuzwa kwa majina na rangi mbalimbali. Ina mota ya takriban wati 350, uzani unaokaribia kilo 60 na gia mbili: ya chini hufikia mizunguko kama 1,100 kwa dakika na ya juu 2,500. Gia za plastiki zilizomo katika nyingi ya mashine hizo hulalamikiwa sana, ingawa zina fadhila yake. Kisu kinapokwama, gia ya bei nafuu ndiyo huvunjika kwanza.

Kazi huanza kabla ya umeme kuunganishwa. Meza ya kubebea mashine inafaa kuwa nzito na isiyoyumba, nayo mashine ifungwe kwa bolti zinazopenya mbao au chuma cha meza. Mashine iliyotuliwa tu juu ya meza hutetemeka, mtetemo huharibu uso wa kazi na huweza hata kuvunja meno ya kisu. Aidha, nguzo na kichwa huifanya iwe nzito upande wa juu, hivyo huweza kupinduka fundi anapovuta usukani kwa nguvu.

Mashine mpya hufika imepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu. Grisi hiyo si ya kulainisha, na sharti iondolewe yote. Mafuta ya taa na kitambaa hutosha. Petroli isitumiwe, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi, na cheche moja ya swichi yaweza kuteketeza karakana. Baada ya kusafisha, sehemu zote zinazoteleza hupakwa mafuta mepesi ya mashine. Pembeni mwa sehemu hizo mna vipande vyembamba vya kubana vinavyokazwa kwa skrubu ndogo. Vikilegea, meza hucheza. Vikikazwa kupita kiasi, usukani huwa mzito. Fundi hukaza kidogo kidogo hadi mchezo utoweke na usukani ubaki ukizunguka kwa ulaini.

Suala la umeme halistahili kupuuzwa. Kenya hutumia volti 240, na mtu anayeagiza mashine kutoka Marekani huweza kuletewa ya volti 110 au 120, ambayo itaungua pindi inapounganishwa. Mashine nyingine huja na plagi isiyoingia katika soketi za humu nchini. Dawa si kukata plagi na kuchomeka nyaya tupu ukutani, jinsi inavyoonekana katika karakana kadhaa, bali ni kufunga plagi ya pini tatu yenye fyuzi ifaayo na kuhakikisha waya wa ardhi umeshikana na mwili wa mashine. Bila waya huo, hitilafu ndani ya mota huweza kuupa mwili mzima wa mashine umeme.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wachache huuliza dukani, ilhali katika nchi ambako stima hupotea na kurudi bila taarifa lina uzito mkubwa. Umeme unapokatika, fundi hupumzika, huanza kupima kazi yake au hupeleka mkono kufagia vibanzi. Mashine yenye swichi ya kawaida hubaki imewashwa, na stima zikirudi kisu huanza kuzunguka papo hapo. Swichi inayofaa ni ile inayojizima yenyewe umeme unapopotea na isiyowasha mota hadi mtu abonyeze tena. Pasipo swichi ya aina hiyo, ni sharti plagi ichomolewe kila mara stima zinapopotea. Kitufe chekundu cha dharura nacho kiwe mahali ambapo mkono hukifikia bila kupita karibu na kisu.

Hatua inayofuata ndiyo hutenganisha kazi safi na kazi mbovu. Kisu hakina budi kusimama wima kabisa juu ya meza. Plagi ikiwa imechomolewa, saa ya kupimia hufungwa kwa mkono mfupi kwenye mhimili wa kisu, ncha yake ikigusa meza, kisha mhimili huzungushwa polepole kwa mkono. Ikiwa saa husoma sawa kushoto na kulia, kichwa kimenyooka upande huo. Katika duara la kipenyo cha milimita 200, tofauti ya milimita 0.02 au 0.03 inavumilika kwa kazi nyingi. Ikizidi hapo, bolti kubwa ya nguzo hulegezwa, nguzo ikagongwa taratibu kwa nyundo ya plastiki, na kipimo kikarudiwa.

Mwelekeo wa mbele na nyuma ni mgumu zaidi, kwani mashine nyingi ndogo hazina skrubu ya kuurekebisha. Mafundi huweka kibati chembamba chini ya nguzo. Bati la mkebe wa soda, ambalo unene wake hukaribia milimita 0.1, limeokoa mashine nyingi. Kazi hii huweza kumeza nusu siku, na hakuna njia ya mkato.

Jiliwa la kushikia chuma hupimwa vivyo hivyo. Saa huguswa kwenye taya lisilosogea, meza ikasogezwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na jiliwa likanyooshwa kabla ya bolti zake kukazwa kabisa. Chuma chenyewe huketi juu ya vyuma viwili sambamba, kikashikwa na taya kwa kina cha kutosha. Kipande kinachoshikwa kwa ncha tu hung'olewa na kisu na kurushwa kama jiwe la kombeo.

Kosa moja linahitaji kutajwa waziwazi. Kwa sababu mashine huuzwa ikiwa na kishikio cha drili, wengi hufunga kisu cha kuchongea humo. Kishikio hicho kimeundwa kustahimili msukumo wa kwenda chini, si wa ubavuni. Meno yake hayashiki vyema shina gumu la kisu, na chenyewe hukaa kwenye mhimili kwa msuguano tu. Nguvu ya ubavuni hukilegeza, nacho huweza kuchomoka kikiwa katika kasi kamili. Kisu kifungwe kwa koleti ya kipimo kilekile cha shina lake, na koleti ivutwe juu kwa bolti ndefu inayopita ndani ya mhimili. Spana ya kukazia bolti hiyo iondolewe kabla ya kuwasha. Spana iliyosahaulika juu ya kichwa hurushwa mara mota inapoanza.

Kasi huamuliwa na chuma kinachochongwa na kipenyo cha kisu. Kwa kisu cha chuma cha kasi, chuma laini hukatwa kwa takriban mita 25 kwa dakika. Mita hizo huzidishwa kwa 1,000, kisha jibu hugawanywa kwa kipenyo cha milimita kilichozidishwa kwa 3.14. Kisu cha milimita 10 hupata mizunguko kama 800 kwa dakika, na cha milimita 6 kama 1,300. Alumini huvumilia mita 100 na zaidi, kasi ambayo kwa kisu cha milimita 10 huushinda uwezo wa mashine hii, hivyo fundi hutumia kasi ya juu aliyo nayo.

Mwendo wa kusogeza meza nao una hesabu yake. Iwapo kila jino la kisu chenye meno manne litakata milimita 0.03 katika mizunguko 800, meza husogea karibu milimita 96 kwa dakika. Kusogeza polepole kupita kiasi si usalama: meno huacha kukata yakaanza kusugua, yakapata joto na kuwa butu. Kuhusu kina, nusu milimita katika chuma laini hutosha kisu kinapokata kwa upana wake wote.

Mwelekeo ni muhimu pia. Chuma kisogezwe kuelekea meno yanayokuja kukabiliana nacho. Kikisogezwa kufuata njia ya meno, kisu hukivuta, na kwa kuwa skrubu za mashine ndogo zina ulegevu, meza huruka ghafla kiasi cha ulegevu huo. Kisu hukatika au kazi huharibika.

Kuhusu mavazi, miwani ya kujikinga ni lazima kwa anayechonga na kwa kila anayetazama. Glavu, ambazo wengi hudhani ni kinga, ni hatari karibu na kisu kinachozunguka kwa kuwa huvutwa pamoja na mkono uliomo. Mikono mirefu ya shati hukunjwa, pete na saa huvuliwa, nywele ndefu hufungwa, na leso au tai haina nafasi hapo. Vibanzi huondolewa kwa brashi baada ya kisu kusimama kabisa, kamwe si kwa vidole. Vipimo vyote huchukuliwa mota ikiwa imezimwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 huhusu mahali popote watu wanapofanya kazi, pawe pa kudumu au pa muda, na hutaka sehemu hatari za mashine zikingwe. Mwajiri anayemweka mwanagenzi mbele ya mashine hii bila mafunzo wala usimamizi anaikiuka. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, iliyopitishwa mwaka huohuo, humlinda mwajiriwa. Fundi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumdai, na gharama ya kidole kilichokatika pamoja na siku za kukosa kazi humwangukia mwenyewe.

Kwa anayeanza, kipande cha alumini chenye ukubwa wa kiberiti hufaa kwa jaribio la kwanza. Hunyooshwa uso mmoja kwa kina cha milimita 0.3, kikageuzwa na kunyooshwa wa pili, kisha unene ukapimwa katika pembe zote nne. Pembe zikitofautiana sana, huenda vibanzi vilibaki chini ya kipande, au jiliwa halikukaa sawa juu ya meza. Uso ukionyesha vidaraja kati ya mkato mmoja na mwingine, saa ya kupimia irudi kwenye mhimili, plagi ikiwa imechomolewa.