Upinde wa Wahadzabe

Upinde wa Wahadzabe ni silaha ya kuwindia ya Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wanaume hujitengenezea wenyewe.

Utengenezaji

Upinde huchongwa kwa kisu kutoka ufito mmoja wa mti mgumu, kisha hurekebishwa umbo kwa joto la moto. Upote hutengenezwa kwa kano za wanyama.

Mishale

Mishale yenye ncha ya mti hutumika kwa ndege na wanyama wadogo. Ncha za chuma hufuliwa kwa misumari. Kwa wanyama wakubwa, kama pundamilia, hupakwa sumu itokanayo na mimea ya jenasi Adenium au Strophanthus, ambayo huathiri moyo. Mwindaji husubiri sumu ifanye kazi, ndipo hufuata nyayo na damu.

Matumizi kwingineko

Kwa Wasukuma wa Mwanza na Shinyanga, pinde zilibebwa pia na sungusungu, walinzi wa jadi walioanza mapema miaka ya 1980 kupambana na wizi wa mifugo.

Hali ya sasa

Upanuzi wa mashamba na malisho umepunguza pori na wanyama, hivyo uwindaji huu unategemea usalama wa ardhi kuliko ustadi wa mwindaji. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati za hakimiliki ya kimila ya ardhi yao.