Magurudumu ya Aliyevunjika Mgongo

Mtu anayepanda kutoka Sake kwenda Karuba, katika milima ya Masisi, hukutana njiani na vijana wanaoteremka na chukudu. Chombo hicho cha mti, chenye magurudumu mawili, hubeba viazi, kabichi, makaa na mbao kuelekea Goma. Hakina injini wala mnyororo. Nguvu yake ni mtu na mteremko. Watu wa huko hawahitaji kufundishwa faida ya gurudumu.

Lakini katika milima hiyohiyo wako watu wasiotoka nyumbani. Mmoja alianguka kutoka mtini, mwingine alifukiwa na udongo katika shimo la madini, mwingine alipinduka na pikipiki, mwingine alipigwa risasi vitani. Mgongo umevunjika, miguu haisikii. Majirani huja siku za kwanza, kisha hupungua, na neno linalosemwa kwa sauti ya chini ni hili: huyu amekwisha. Leo twataka kueleza jinsi neno hilo lilivyokanushwa polepole katika historia, na kazi ya gurudumu katika jambo hilo.

Tuanze na mwili wenyewe. Ndani ya mifupa ya mgongo Mwenyezi Mungu ameweka uti, kamba laini ya mishipa ya fahamu, inayochukua amri za ubongo hadi viungoni na kurudisha habari za maumivu, joto na baridi. Ukikatika au ukibanwa, amri hazipiti. Aliyeumia shingoni hupooza mikono na miguu. Aliyeumia chini ya hapo hubaki na mikono yenye nguvu, bali miguu hulala. Tena hasikii ngozi yake, wala hatawali mkojo wake. Hapo ndipo hatari ilipo. Wengi wa hao hawakuuawa na mgongo wenyewe. Waliuawa na vidonda vya kulala, na ugonjwa wa mkojo uliopanda mpaka kwenye figo.

Watu wa kale waliliona jambo hili wakakata tamaa. Katika hati moja ya Misri, iliyonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristu, mganga anaambiwa kwamba aliyevunjika shingo akapooza ni mgonjwa asiyetibiwa. Shauri hilo lilidumu zaidi ya miaka elfu tatu.

Aliyetangulia kuonyesha njia nyingine hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa saa, jina lake Stephan Farffler, wa mji wa Altdorf karibu na Nürnberg, Ujerumani. Hakuweza kutembea. Mwaka 1655 alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu, akakiendesha kwa kuzungusha mpini kwa mikono. Tufikiri kidogo. Baiskeli ya watu wenye miguu mizima haikuwapo bado. Mashine ya Karl Drais, iliyokuwa ya mti na yenye magurudumu mawili, ikisukumwa kwa kukanyaga chini kama chukudu ya Masisi, ilitokea mwaka 1817. Maana yake kiwete alikuwa amewatangulia wazima kwa zaidi ya miaka mia na hamsini.

Lakini gurudumu peke yake halikutosha. Kuketi ni hatari kwa mtu asiyesikia ngozi yake; nyama huoza chini yake naye hana habari. Ilihitajika elimu ya ulinzi, na elimu hiyo ilisimikwa na daktari Ludwig Guttmann. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Ujerumani wa mwaka 1899, akakimbilia Uingereza mwaka 1939 kwa sababu ya mateso ya Hitler. Mwaka 1944 alikabidhiwa wodi ya askari waliovunjika mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Akaagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mkojo utunzwe kwa usafi mkubwa. Walipoacha kufa, akawatoa kitandani wakacheze. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16 walishindana kwa upinde katika uwanja wa hospitali hiyo. Mwaka 1960 wanamichezo wapatao 400 walikusanyika Roma, na Papa Yohane XXIII akawapokea Vatikano. Mbio za baiskeli za mikono ziliingizwa katika michezo hiyo mwaka 2004, huko Athene.

Mwaka huohuo wa 1960, ng'ambo ya mpaka wa Kivu, padri Joseph Fraipont Ndagijimana alifungua nyumba ya walemavu huko Gatagara, Rwanda. Aliiweka chini ya jina la Bikira wa Maskini, anayeheshimiwa huko Banneux, Ubelgiji, tangu mwaka 1933. Watoto waliokuwa wakitambaa au wakifichwa nyumbani walipata pale matibabu, viungo bandia, shule na kazi ya mikono. Kenya nayo ilipata chama cha kuwahudumia walemavu mwaka 1958, na mwaka 1969 karakana ya Bombolulu ilianzishwa Mombasa. Mjini Goma kituo cha Shirika la Umoja, na mjini Bukavu kile cha Heri Kwetu, vimepokea kwa miaka mingi watu waliopoteza viungo au nguvu za viungo.

Katika mpaka wa Goma na Gisenyi watu wamezoea kuona baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, zikibeba mizigo ya biashara, na mwenye chombo akiwa kiwete. Wengi wa wafanya biashara hao waliharibiwa miguu na polio. Hao husikia ngozi yao. Aliyevunjika mgongo haisikii. Basi huyu wa pili akipewa baiskeli bila mto mzuri wa kukalia, bila kufundishwa kujiinua mara kwa mara na kuchungua ngozi yake kila jioni, amepewa kidonda. Lakini akifundishwa, faida ni kubwa. Moyo na mapafu, vilivyokuwa vikilegea kitandani, hupata kazi. Mikono na kifua hukaza. Naye huweza kwenda sokoni, shuleni na kanisani.

Elimu imefika mbali zaidi. Mapema katika miaka ya 1980, huko Dayton, Marekani, mtaalamu Jerrold Petrofsky na wenzake waliizungusha miguu iliyopooza juu ya baiskeli. Umeme mdogo hupitishwa juu ya ngozi ya mapaja na matako, kwa zamu, na misuli hukaza na kukanyaga ijapokuwa amri ya ubongo haifiki. Mwaka 2016 huko Zürich, Uswisi, waliopooza walishindana mbio kwa baiskeli za namna hiyo. Tusidanganyane: njia hiyo haiungi uti uliokatika. Hunenepesha misuli na kusaidia mwendo wa damu. Tena hufaa tu pale mishipa ya miguu yenyewe ikiwa hai, na yataka daktari, kwa kuwa mifupa ya aliyelala muda mrefu huvunjika upesi, na aliyeumia juu ya kifua aweza kupandwa ghafula na nguvu ya damu.

Mwaka 2013 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza kwamba kila mwaka watu kati ya 250,000 na 500,000 huumia uti wa mgongo, na kwamba hao wamo katika hatari ya kufa mapema mara mbili hadi tano kuliko wengine, hasa katika nchi maskini. Uti ni uleule kila mahali. Tofauti kubwa iko katika matunzo.

Nasi tufanye nini? Mashine ya umeme iko mbali na Karuba. Baiskeli ya mikono yenyewe haipandi mlima ule bila mtu wa kusukuma. Lakini kumgeuza mgonjwa kila saa mbili hakuhitaji mashine. Kwahitaji jamaa na majirani wanaopeana zamu. Mafundi wanaochonga chukudu waweza kujenga njia ya mteremko mahali pa ngazi. Vijana wanaoshusha viazi wana mikono ya kusukuma siku ya Dominika.

Yule mwenye kupooza wa Kafarnaumu alifika mbele ya Bwana Wetu Yezu Kristu kwa sababu watu wanne walimbeba, na walipokuta mlango umezibwa walifungua dari. Hawakumwambia asubiri nyumbani mpaka apone. Basi tutazame milango ya makanisa yetu, tuhesabu ngazi zake. Kisha tuulize katika kila jumuiya ni nani aliyelala ndani, na ni nani atakayekwenda kumgeuza usiku huu.